Madondo Yangu ya Kinondo

Jumatatu, 2 Desemba

Wamekuja kuniomba. Hilo naliandika kwanza, kabla ya jambo lingine lolote. Miaka na miaka nimeitwa mwenda wazimu wa Kinondo kwa ajili ya makombe haya ya baharini, na leo wamekuja wenyewe mpaka barazani kwangu, wakavua viatu, wakaketi mkekani, wakaniomba.

Alikuja Lewis, kijana wa bara aliyesomea mambo ya bahari na sasa anafanya kazi na kikundi chetu cha bandari. Aliandamana na Fauzia, dada wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi. Kile chumba kinachojengwa bandarini cha kuonyesha viumbe vya mwambani kitafunguliwa tarehe kumi na tano Februari, wakati wa bamvua, maji yakipwa mpaka mwamba wote uonekane. Katikati ya chumba litawekwa kabati la kioo. Wanataka ndani yake yakae makombe yangu, na juu yake liandikwe jina langu, Mwanaima binti Chirau.

Nikajifanya nawaza. Niliwamiminia chai, nikawapa mahamri, nikauliza habari za watu ambao hata sina haja nao. Fauzia alikuwa akitazama dari. Ndiye huyu aliyekuwa akinisema nilipokuwa bibi harusi mgeni hapa, kwamba wanawake wenzangu wanarudi kutoka mwambani na pweza wa kitoweo na mimi narudi na magamba, na je, kaka yake atakula magamba? Leo alikuwa na adabu ya mtoto wa chuoni mbele ya maalimu.

Nikakubali, basi. Walipotoka nilicheka peke yangu mpaka jirani akauliza kulikoni.

Jumatano, 4 Desemba

Maji yamepwa vizuri. Nimepata dondo moja zuri la kupindukia.

Lewis anasema watu watakaokuja chumbani lazima waelezwe nilivyoyapata, kwa hivyo nayapanga maneno yangu hapa mapema. Dondo ni konokono mkubwa wa baharini, anajaa kiganja. Mgongo wake una madoa meusi na ya kahawia, tumbo ni jeupe, na mdomo wake ni mwembamba wenye meno pande zote mbili. Sisi mafundi wa kofia hulitumia gamba lake kulainishia mshono, na ndivyo nilivyoanza kuyapenda. Wako wanaowachukua wangali hai, wakawafukia mchangani mpaka nyama ioze, kisha wakawauzia wageni magamba. Mimi sijaua hata mmoja. Mimi naenda mlangoni kwa pweza. Pweza humla konokono na kulitupa gamba nje ya shimo lake kama mtu mvivu wa kufagia, na hapo ndipo ninapookota, likiwa bado linang'aa kiasi cha kujitazamia uso. Wenzangu wakiona magamba mlangoni hujua mwenyewe yumo, wakamchokoa. Mimi huzoa takataka zake na kumshukuru.

Mnitafutie mwingine pwani hii yote mwenye madondo mengi kuliko yangu na asiwe na damu mikononi.

Ijumaa, 13 Desemba

Mwanangu Swabir amefika na mkewe. Amepata kazi katika boti inayopeleka wageni Wasini na atakuwa akilala Shimoni, kwa hivyo Kahaso atakaa nami. Tangu waoane walikuwa wamepanga chumba Ukunda, nami nilikuwa nikimwona siku za Idi tu. Ni binti wa Kinango, kwa wafugaji. Alisilimu kabla ya ndoa na jina lake la msikitini ni Rehema, ila hata mume wake humwita Kahaso.

Ana adabu, sitamsingizia. Shikamoo yake ni ya kupiga goti. Lakini ni mkimya wa kuudhi. Nilimwonyesha makombe yote, rafu kwa rafu, na kila moja nilikolipata na mwaka wake, nikamaliza nikiwa sauti imenikauka. Akasema ni mazuri, mama. Basi. Mtu aione kazi ya umri wangu mzima, aseme ni mazuri, kisha aulize kama aanze kumenya muhogo.

Jumanne, 17 Desemba

Nimempeleka mwambani. Anatembea kama kuku juu ya jivu la moto. Maji yalipomfika kwenye kifundo cha mguu alisimama akasema ataningoja papo hapo. Nilicheka, wala sikujificha.

Jumatano, 25 Desemba

Muziki wa mahotelini mchana kutwa. Nimemaliza kofia moja.

Alhamisi, 2 Januari

Kahaso amesema maneno mengi kwa mara moja. Nilirudi na makombe mawili, moja la mlangoni kwa pweza na jingine la ufukweni. Akayachukua, moja mkono huu na moja mkono huu, akauliza kwa nini hili linang'aa na hili limefifia, ilhali ni ya aina moja. Nikamwambia la ufukweni limechakazwa na jua na mchanga. Akasema hilo ameelewa. Anachouliza ni kitu gani kilichofanya hili jingine ling'ae tangu mwanzo, kwa maana mawe ya kando yake yamekaa katika bahari ile ile na yameota mwani mtupu.

Makombe yangu mwenyewe, na sikuwa na jibu. Nilinuna mpaka alasiri, kisha nikampigia simu Lewis.

Jumamosi, 4 Januari

Lewis amekuja na jibu. Ametuonyesha picha za video katika simu yake, sote watatu tumeinamiana kama watoto.

Dondo akiwa hai hutoa ngozi laini kutoka chini ya gamba, upande huu na upande huu, zikapanda mpaka zikakutana juu ya mgongo, kama mwanamke aliyejitanda leso mbili. Ngozi hiyo ndiyo inayojenga gamba na kulipaka ung'avu kila siku, na ndiyo inayozuia mwani na takataka zisishike. Akiwa mdogo gamba lake ni jembamba na mdomo uko wazi. Akishakomaa mdomo hujikunja kwa ndani, na tangu hapo haongezeki ukubwa, huongeza unene tu. Lewis akasema, "Mama, anayeling'arisha ni mwenye gamba peke yake. Akifa, hakuna fundi anayeweza kuirudisha ile rangi."

Nimekaa nikiyatazama yale madondo yangu rafuni kwa namna nyingine. Nilidhani nayajua kwa kuwa nilijua nilikoyaokota. Na aliyenifungua macho ni mtoto wa Kinango anayeogopa maji ya kifundoni. Sikumwambia, lakini leo nimemchotea mchuzi mwingi.

Jumatano, 15 Januari

Siku ya kuhesabu viumbe katika tengefu. Tengefu ni kipande cha mwamba tulichokifunga sisi wenyewe ili kipumue, hakivuliwi wala hakiguswi, ila Lewis huingia na wanakikundi mara moja moja kutazama kilichozaliwa. Nilikuwemo katika mkutano ule wa kukifunga, na mkono wangu ulikuwa wa kwanza kuinuka.

Kahaso amekuja. Leso kaifunga kiunoni, maji yakamfika magotini, kucha zake zote begani kwangu, lakini alifika. Lewis akainua jiwe bapa taratibu na chini yake alikuwapo dondo, amejitanda zile ngozi zake zenye nyuzinyuzi, hata madoa hayaonekani. Tulipomsogelea akazirudisha polepole na gamba likatokea, likimeta. Nimepita madondo hai tangu ujana wangu na sikuwahi kuinama hata mara moja kumtazama mmoja akijivua.

Kisha Lewis akalirudisha jiwe kama lilivyokuwa, upande wa chini chini na wa juu juu. Akaeleza kwamba viumbe vya upande wa chini havihimili jua, ukiliacha jiwe limepinduka ni kana kwamba umeezua paa la mji mzima. Tulipotoka nje ya tengefu Kahaso akawa anatazama mawe tunayopita, yamelala kichalichali, meupe, makavu. Akauliza yalipinduliwa na nani.

"Na sisi, tukitafuta kitoweo," nikamwambia. Njia nzima ya kurudi aliinama akiyarudisha, moja moja, nami nikaona haya kumwacha afanye peke yake.

Ijumaa, 24 Januari

Maji mafu, mwamba haukutoka. Kahaso amepika wali umeshikamana. Nimeula.

Jumamosi, 25 Januari

Jumatatu Miraji itasomwa hapa kwangu, na sinia za shaba alizoniachia mama zilikuwa zimepiga weusi. Nimemfundisha Kahaso kazi hiyo, kwao hawana sinia za shaba. Unaloweka ukwaju mzito, unakamulia ndimu, unapaka, unaacha uingie, kisha unasugua kwa makumbi ya nazi. Alisugua mpaka jasho likamtiririka na sinia zikawa kama zimetoka dukani leo.

Nikamwambia, "Mashallah, una mkono mwema, mwanangu. Hiyo ndiyo kazi ninayoitaka katika nyumba hii." Hajawahi kucheka mbele yangu tangu aje. Leo amecheka, na meno yake ni mazuri.

Jumapili, 26 Januari

Sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Asubuhi nilikwenda Msambweni kumjulia hali binamu yangu aliyelazwa. Niliporudi alasiri, nilipofungua tu mlango wa uani nilisikia harufu ya ukwaju. Kahaso alikuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, mbele yake lile beseni kubwa la kufulia, na alikuwa akisugua. Aliponiona aliinua uso akitabasamu. Ndani ya beseni, katika yale maji ya rangi ya chai, yalikuwamo madondo yangu.

Alikuwa ameyaloweka tangu nilipotoka. Alitaka nikirudi nikute yote yanang'aa kama sinia, tayari kwa kabati la kioo. Alipoona hayang'ai akaongeza ndimu. Alipoona bado, akaongeza ukwaju.

Nililitoa la kwanza. Mgongo ulikuwa umekwaruzika kama kigae kilichovunjika, madoa yamepauka, ung'avu hakuna. Nikatoa la pili, na la tatu. Lile la mwaka aliozaliwa Swabir. Lile nililolipata siku ya arubaini ya mume wangu, nilipokwenda mwambani kwa kuwa sikujua pa kwenda. Nilikuwa nayapanga sakafuni, na kila ninalolitoa ni chokaa tupu. Limesalimika moja tu, la kushonea kofia, kwa kuwa lilikuwa katika kapu langu la uzi.

Nilimwambia maneno mengine sitayaandika. Nilimwambia mtu aliyelelewa na mbuzi atajua nini cha bahari. Nilimwambia amengoja nitoe mguu tu aniharibie maisha. Nilimwambia arudi kwao. Alikuwa bado ameshika kipande cha kumbi mkononi.

"Nilidhani yatang'aa kama sinia, mama," alisema. Hakulia. Aliinuka akamwaga maji, akalisuuza beseni, akalianika mahali pake.

Nimempigia simu Lewis. Ameniambia gamba lote ni chokaa, na ukwaju na ndimu ndivyo vinavyokula chokaa. Nikamuuliza kuna dawa? Akasema, pole, mama.

Jumatatu, 27 Januari

Miraji imesomwa. Sinia zimesifiwa na kila aliyeingia. Sikuweza kula.

Jumatano, 29 Januari

Swabir amekuja kwa ruhusa ya siku moja. Kahaso amemwambia kwamba ameharibu makombe ya mama kwa kuyaosha vibaya, akaishia hapo. Maneno yangu hakumwambia hata moja. Mwanangu ameniomba radhi kwa niaba ya mkewe, nami nikamtazama tu nikijua kwamba aliyefaa kuombwa radhi alikuwa jikoni akipaa samaki.

Lakini sijawa mwema kiasi hicho. Usingizi hauji kwa ajili ya lile kabati. Nimelingoja tangu kabla halijawa na jina. Nimemngojea Fauzia asimame mbele ya kioo, asome jina langu, akose la kusema. Je, nitaweka nini humo ndani? Chokaa?

Keshokutwa maji yatapwa sana. Ninajua wanaong'aa wako wapi. Madondo matatu au manne tu, niyafukie nyuma ya choo, mpaka siku ya kufungua yatakuwa yamekuwa safi. Yaliyofifia nitayaweka nyuma. Nani atajua?

Ijumaa, 31 Januari

Nilichagua wakati wa sala ya Ijumaa. Wanaume wote wako msikitini, bandarini hakuna mtu, na maji yamekwenda mbali kabisa. Nilibeba ndoo na kuifunika kwa leso, kama mwizi. Nisijipambe, nilikuwa mwizi.

Niliingia katika tengefu bila kugeuka nyuma. Jiwe bapa nililijua. Niliinama, nikaliinua kwa mikono miwili, nikaliegemeza gotini, na yule dondo alikuwa pale pale, lakini safari hii hakuzirudisha ngozi zake. Nilimgusa kwa kidole, hakutoka. Nikamsukuma, akajibana zaidi. Ndipo nilipoona ameketi juu ya kitu, kirundo cha vifuko vidogo vidogo vya rangi ya maziwa, vimebanana mamia kwa mamia, naye amejitandaza juu yake.

Nilijua nilichokuwa nakitazama. Nikamshika hivyo hivyo. Ilibaki kumng'oa tu.

"Mama, huyo analalia."

Nusura nimwangushie jiwe. Kahaso alikuwa nyuma yangu, upande wa mkondo, na maji yalikuwa yamemfika kiunoni. Hakushika bega la mtu. Alikuwa akitetemeka kila mahali, hata kidevu, na alikuwa amekuja peke yake njia ile yote.

Nikamwambia huyu ni konokono, si kuku, na yeye arudi nyumbani akapike. Nikamwambia haya yote yasingekuwapo kama si yeye. Hakurudi. Alisogea akaja kusimama upande wa pili wa jiwe.

"Kwetu ukame ukija tunauza, tunakopa, tunalala na njaa," akasema. "Lakini mbuzi mwenye mimba hachinjwi. Baba yangu alikataa hata sisi tulipokuwa tukilia. Mwache huyu, mama. Kabati likae tupu. Siku hiyo nitasimama mbele yake mimi, na kila atakayeingia nitamwambia ni mimi niliyeyaharibu."

Kidole changu kilikuwa bado juu ya yule dondo na niliweza kuhisi alivyoshikilia. Alikuwa ameshikilia kwa nguvu zake zote, na nguvu zake zote hazikuwa kitu mbele ya mkono wangu. Nikamwachilia.

Tulilirudisha jiwe pamoja, yeye upande wake, mimi upande wangu, taratibu, mpaka likakaa kama lilivyokuwa. Maji yalikuwa yameanza kujaa. Wakati wa kurudi nilimshika mkono, na hapo ndipo alipolia, kwa sababu ya maji, alisema, si kwa sababu nyingine.

Jumamosi, 1 Februari

Nimemwomba radhi. Nilimwita barazani mchana kweupe, mahali wapita njia wanaweza kusikia, kwa kuwa nilimtukana kwa sauti ya kusikika.

"Nilikufundisha mimi, nikakusifu mimi, nikakutukana mimi," nikamwambia. "Nisamehe, mwanangu."

Akasema yameisha, mama. Kisha akauliza kama vile vifuko vitabadilika rangi kabla ya kupasuka, kama mayai ya mjusi aliyowahi kuyaona kwao. Nikamwambia sijui, itabidi tumuulize Lewis. Tumekaa mpaka adhuhuri tukiuliza maswali ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa na majibu yake, na nilifurahi kuliko siku nyingi.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekwenda kwenye kikao cha kikundi na kapu la madondo yaliyoharibika, nikayamwaga mezani. Nikaeleza habari ya ukwaju yote. Walicheka, kwa maana hakuna mwanamke pale asiyesugua sinia kwa ukwaju, na mmoja akakiri naye angefanya hivyo hivyo. Kisha nikaeleza na habari ya ndoo. Hapo hawakucheka.

Fauzia akasema hakuna haja ya aibu, tununue makombe mazuri Ukunda tuyajaze kabatini, wageni hawatajua. Nikakataa. Nikasema ya kuuawa sitaki, kabati langu litabeba haya haya. Akaniuliza nani atakayetoka nyumbani kwake aje kutazama chokaa. Lewis akasema yeye anaafiki, yawekwe na yaelezwe. Lakini swali la Fauzia nimerudi nalo nyumbani na halijanitoka.

Jumanne, 11 Februari

Nimeshona. Kahaso anajifunza maneno ya kuwaambia watu. Ananihutubia mimi kana kwamba mimi ndiye mgeni rasmi.

Ijumaa, 14 Februari

Tumeingia katika tengefu na Lewis, kwa ruhusa, mchana, kama watu. Dondo bado amekalia mayai yake na sasa vifuko vimegeuka rangi, vimekuwa vya kahawia iliyokolea. Lewis anasema wamekaribia kutoka, nao wakitoka huwa wadogo wa kutoonekana, huchukuliwa na maji wakaelea siku nyingi kabla ya kushuka na kuanza kujenga gamba. Kahaso akauliza, kwa hivyo wa kwetu huenda wakakulia Majoreni? Lewis akasema huenda, na wa Majoreni wakaja kwetu.

Yuko majini mpaka kiunoni na anauliza maswali. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya mwamba nikimtazama.

Jumamosi, 15 Februari

Sijala vizuri wala sijakaa, lakini nitaandika leo leo.

Chumba kilijaa mpaka watu wakasimama dirishani. Alikuja afisa wa kaunti, wakaja wazee wa msikiti, wakaja wanawake wa vikundi vya Gazi na Msambweni. Dua ikasomwa, utepe ukakatwa. Mlango ulipofunguliwa wote walikwenda moja kwa moja kwenye kabati la katikati, na nikaona nyuso zao zikibadilika. Jina langu liko juu, limeandikwa kwa herufi nzuri. Chini yake, safu kwa safu, madondo yaliyopauka.

Bibi mmoja wa Gazi akamuuliza mwenzake kwa kunong'ona kama ndiyo haya yaliyosifiwa. Nilisikia. Fauzia alisikia pia, na akatazama chini. Nilikuwa nimejiandaa kusema lakini sikuwahi.

Kahaso akapita mbele. Shikamooni, akasema, na sauti yake haikuwa kubwa lakini chumba kilinyamaza. Akasema haya yalikuwa yaking'aa, na aliyeyaharibu ni yeye, kwa ukwaju na ndimu. Wanawake wakaguna, wakacheka, wakasogea. Akawaeleza kwamba gamba ni chokaa. Akawaeleza juu ya ngozi mbili zinazopanda na kukutana mgongoni. Akachukua leso yangu begani kwangu bila kuniomba na yake mwenyewe, akajitanda zote mbili kuwaonyesha, na hata wazee wa msikiti wakacheka. Akasema mama mkwe wake ameokota haya yote mlangoni kwa pweza, umri wake wote, bila ya kuua hata mmoja, na kwamba ana moyo wa kuyaweka mbele za watu hivi yalivyo. Alipolisema hilo hakunitazama. Mimi nilitazama juu ili machozi yasishuke.

Yule bibi wa Gazi akauliza, sasa anayeng'aa yuko wapi?

"Yuko nyumbani kwake," Kahaso akasema. "Maji yamepwa. Twendeni, lakini jiwe nitaliinua mimi, mara moja tu, na hakuna atakayemgusa."

Wakatoka. Walitoka wote kama wanafunzi kengele ikilia. Afisa wa kaunti alikunja suruali. Fauzia, na umri wake na mapambo yake yote, alivua viatu vya Idi akaviacha mlangoni bila kuangalia vilikoangukia. Lewis alikimbia nyuma yao akiwaonyesha pa kukanyaga.

Nilibaki peke yangu. Kabati la kioo, jina langu juu yake, chumba kitupu, hakuna hata mtu mmoja wa kulisoma. Nikaenda mlangoni. Mbali kule mwambani walikuwa wamesimama duara, kimya, wameinama, na katikati yao alikuwa binti wa Kinango, maji kiunoni, mikono miwili chini ya jiwe, akimwambia afisa mzima wa serikali arudi nyuma hatua moja, asimkanyagie mama watoto.

Wallahi sijawahi kuona fahari kama ile. Mwanamke mmoja aliyekuwa amechelewa alikuwa akipita mlangoni, akaniuliza yule anayeongea kule ni nani, mbona yeye hamjui.

"Ni mwanangu," nikamwambia.

Nikavua viatu, nikawafuata.